Daktari Ataisikia mu Kinywa Yangu

Walikale, ku muchimbo, tarehe 8 mwezi wa pili 1953

Kwa dada yangu Drocella,

Jambo sana. Miye niko muzima. Mugongo tu njo inauma, juu ya kuinama mu maji siku muzima kusafisha mchanga ya madini. Weye uko muzima? Mutoto wangu Agathe anakula vizuri? Kikohozi ya baba mudogo Ndayambaje ilipoa? Unisalimie watu wote wa Lushebere.

Sasa sikia. Ile ruhusa nilipata, nilipita ku misioni. Weye ulikuwa unafua nyuma ya nyumba, haukuona. Nilienda mbele ya Daktari. Nilisema: «Huyu Polycarpe aliua bibi yangu wa ndoa. Mama Agathe alilala mu kipoyi, kitanda ya kubeba wagonjwa, mbele ya mulango yako, damu inatoka, na huyu akamurudisha nyumbani.» Polycarpe alikuwa katikati yetu, juu njo yeye anageuza maneno ya watu. Alinisikiliza mupaka mwisho, mikono nyuma. Akageuka kwa Daktari, akasema Kiingereza yake.

Daktari akacheka. Akanikamata mukono, akanipa kipande ya sabuni.

Polycarpe akasema: «Daktari anashukuru sana kwa salamu yako, kaka.»

Kaka! Nilirudi Walikale na sabuni mu mufuko. Niliitupa mu muto.

Drocella, weye unapika mu nyumba ya Daktari. Mama Muzungu anakufundisha Kiingereza kila mangaribi. Unitumie ile Kiingereza mu barua. Hapana yote. Ile tu ya kusema mambo ya Polycarpe. Nilisema ku kaburi, na watu walisikia: matanga ya Mama Agathe haitaondoka mupaka Daktari asikie mu kinywa yangu. Tangu ile siku sikukata nywele.

Na tena: weye Kiingereza uko nayo. Juu ya nini haumuambie Daktari weye mwenyewe?

Miye, kaka yako,
Straton

—

Misioni, Masisi, tarehe 15 mwezi wa tatu 1953

Kaka Straton,

Nakusalimia kwa jina ya Bwana. Hapa tuko. Maharagi imetoka vizuri mwaka hii, tunakula mupaka tunachoka. Baba mudogo bado anakohoa, lakini anakohoa na nguvu, anatukana ngombe kama zamani. Agathe amekuwa mukubwa, anakushinda urefu. Wazazi ya Séraphin, muchumba wake, walifika tena kuuliza siku ya ndoa. Tukawapa kikombe ya maziwa, tukasema ngojeni. Mama yake akasema: «Tunamutaka huyu mutoto. Lakini bibi-arusi hatokee mu nyumba yenye matanga. Tumuondoshe namna gani, na nywele ya baba yake iko kama kichaka?» Agathe alikuwa anasikia nyuma ya mulango.

Kiingereza nitakutumia. Sikia hii kwanza. Wazungu hawa wako na tuneno tudogo. After ni nyuma ya kitu. Before ni mbele yake, kitu haijafanyika. Of ni «ya». Nyuma ya kale kaneno, neno ya kazi inavaa mukia, ing. Sisi tunaweka «ku» ku kichwa: kula, kulala. Wao wanafunga mukia: eating, sleeping. After eating, nyuma ya kula. Before sleeping, mbele ya kulala. Usiache mukia. Mama Muzungu anasema muntu anayeacha mukia ni kama amevaa shati pasipo suruali.

Unitumie sentensi zako nizitengeneze. Andika juu ya maharagi, juu ya mvua, mambo ya kila siku.

Ile ingine uliniuliza, niliisoma.

Drocella

—

Walikale, tarehe 26 mwezi wa ine 1953

Dada,

Jambo. Niko muzima. Tulizika muntu mumoja wa Pinga, jiwe ilimuangukia. Hauna kumujua. Hapa kula ni bugali na samaki ya kukauka, tena bugali na samaki ya kukauka.

Sentensi njo hizi.

I am tired of waiting. Nimechoka kungoja.
Before sleeping I see Polycarpe.
After waking I see Polycarpe.
I am thinking of breaking his teeth. Hii haina lazima nikueleze.

Utauliza nilitoa wapi ile breaking. Muzungu wetu ya muchimbo si Mubelgi, anatoka kule Afrika ya Kusini. Kifaransa hajui. Kiswahili yake ni matusi tu. Anapiga kelele na Kiingereza tangu asubuhi, na miye naokota. Wenzangu wananicheka. Nikiwa mu maji nasema peke yangu, waiting, waiting, nao wanapiga vigelegele: «Eh, Straton amegeuka Muzungu! Bwana Mukubwa, utupe sigara basi!» Nawaacha wacheke.

Sasa leta «bila». Bila kusema. Bila kumuambia Daktari. Hiyo njo ninataka. Maharagi sitaki.

Na haukunijibu.

Straton

—

Misioni, Masisi, tarehe 2 mwezi wa saba 1953

Kaka Straton,

Usikasirike kwa kukawia. Kamiyo ya barua ilikwama mu matope. Tena mu nyumba tulikuwa na wageni wazungu, nilioka mikate mupaka mikono ikavimba. Baba mudogo anapata nafuu. Ngombe imeongezeka mu zizi yake, anafurahi. Agathe anakushukuru kwa kitambaa ulimutumia.

Sentensi zako iko sawa. Mukia iko pahali yake. Lakini kaka, Mama Muzungu aliona ile karatasi ku meza, akaniuliza Polycarpe alifanya nini juu ya meno yake. Nilisema ni muchezo.

Leo ninakupa for. Thank you for coming, asante kwa kukuja. Na at: she is good at cooking, anajua kupika. Ujizoeze na hizi. Ile «bila» iko nguvu, itakuja nyuma.

Nataka nikuambie jambo moja, na usinikatize. Siku hizi mambo ya dispanseri imebadilika. Mugonjwa akifika, Polycarpe anagonga mulango hata Daktari iko ku meza anakula. Zamani hakuna muntu aliweza kumugusa akiwa anakula, njo ilikuwa sheria ya nyumba. Sasa Polycarpe anagonga. Watu wote wanaona.

Ulale vizuri,
Drocella

—

Walikale, tarehe 9 mwezi wa nane 1953

Drocella,

Niko muzima.

Nilisoma barua yako, nikamupa rafiki aisome tena na sauti, juu niliwaza macho imenidanganya. Sasa anagonga. Anagonga sasa! Siku ya Mama Agathe mikono yake ilikuwa wapi? Weye ulitembea pembeni ya kipoyi. Weye njo uliniambia: Polycarpe alitoka, akasema «Daktari anasema murudi nyumbani, mukuje Jumatatu.» Weye njo ulisikia nyuma Daktari anasema ile siku hakuona mwanamuke hata mumoja. Mama Agathe alikufia mu njia, hata mbele ya kuona nyumba. Na leo unanihesabia wema ya Polycarpe?

Tangu wakati gani unaandika jina yake pasipo kutukana?

«Bila» nimeipata. Haikutoka kwako. Muzungu wetu alipiga kelele asubuhi: No eating without working! Nikamuuliza kapita, musimamizi wa kikosi yetu. Kapita akasema: hakuna kula bila kufanya kazi. Nikacheka mupaka Muzungu akanitazama. Alizani ninamucheka.

Sasa sentensi yangu iko tayari. He sent my wife away without telling you. Alimufukuza bibi yangu bila kukuambia. Naisema mu maji, naisema ku njia. Hata nikikufa nitaisema.

Kaka yako, kama bado uko dada yangu,
Straton

—

Misioni, Masisi, tarehe 20 mwezi wa kumi 1953

Kaka yangu,

Niko dada yako. Mama mumoja alituzaa.

Wazazi ya Séraphin wanaanza kutembelea nyumba ingine, kuna binti wa Rosalie kule juu ya kilima. Séraphin mwenyewe hataki, anakuja kwa Agathe kukata kuni isiyoombwa. Lakini kijana hashinde wazazi kila siku. Kaka, kuja uondoe matanga. Tutapika, watu watakula, utakata nywele, mutoto aolewe. Mama Agathe mwenyewe angekuambia vile. Alikuwa anapenda harusi kushinda misa.

Nakuambia hii juu utaijua tu: Daktari anakuja huko Walikale mwezi wa kumi na moja, kuchanja watu wa muchimbo. Polycarpe anakuja naye.

Nakuomba kama dada. Umuache. Usiniulize juu ya nini.

Drocella

—

Walikale, tarehe 29 mwezi wa kumi na moja 1953

Drocella,

Jambo. Mukono imevimba juu ya shindano ya kuchanja, lakini niko muzima. Wasalimie wote.

Walifika. Wakaweka meza chini ya hema, sisi mustari, mikono wazi. Polycarpe na koti nyeupe, anashika chupa. Nilipofika mbele, alinijua juu ya nywele. Akasema polepole: «Straton, si hapa. Nakuomba. Si hapa.»

Sikumutazama. Nilitazama Daktari mu macho. Nikasema yote. «Doctor. This man sent my wife away without telling you. She died after waiting at your door.» Alikufa nyuma ya kungoja ku mulango yake.

Daktari akaacha shindano. Uso yake ikakuwa nyekundu, halafu nyeupe. Niliwaza: sasa.

Akanijibu. Drocella, alisema maneno mingi, mingi, kama mvua ku mabati. Sikusikia hata moja. Nilijifunza kusema. Kusikia sikujifunza.

Daktari akaona sisikii. Akageukia nani? Polycarpe. Akamuonyesha kidole: geuza. Na Polycarpe, jasho inamutoka, akaniambia Kiswahili: «Daktari anauliza kama umekunywa pombe.»

Watu wakaanguka kwa kucheka. Miye pekee sikucheka. Nilijua anadanganya, juu uso ya Daktari haikuwa ya muntu anayeuliza pombe.

Nikashika meza. Nikasema ile nilikuwa nayo: «Ask Drocella. Your kitchen. Ask Drocella.»

Daktari akasema jina yako. Polycarpe akaangusha chupa.

Sasa iko mu kinywa yako. Ukinyamaza, ujue umenyamaza mbele ya kaburi.

Straton

—

Misioni, Masisi, tarehe 3 mwezi wa kwanza 1954

Straton,

Mwaka mupya imeingia. Watu wote ni wazima. Agathe anakusalimia.

Daktari alirudi siku ya tano nyuma ya mambo ya hema, na vumbi mu nywele, hakunawa. Akaingia jikoni. Mama Muzungu nyuma yake. Polycarpe akabaki ku mulango, koti mu mukono. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo. Daktari akaniuliza na Kiingereza: «Kaka yako anasema nini?»

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema umerukwa na akili juu ya kilio, angesadiki. Polycarpe alinitazama. Hakunipa alama. Hilo namusifia: hakunipa alama yoyote.

Nilisema. Nilisema kipoyi, nilisema damu, nilisema «mukuje Jumatatu». Nilisema niliona na macho yangu. Daktari akauliza Polycarpe: ni kweli? Polycarpe akasema ni kweli. Akasema ile saa Daktari alikuwa ku meza, na yeye aliogopa kugonga, na nyuma aliogopa kusema kama aliogopa. Daktari akakaa juu ya kiti yangu, akaweka mikono ku uso. Mama Muzungu njo alimuambia Polycarpe aende. Aliacha koti ku musumari.

Sasa nakuambia ile sikusema. Ile ngombe iliongezeka kwa baba mudogo, ilikuwa ya Polycarpe. Aliileta juu yangu, njo mahari. Niko mwanamuke wa miaka mingi, Straton, watu walikuwa wanasema nitazeeka ku moto ya wazungu. Yeye alikuja. Mbele ya kuleta ngombe alinieleza ile siku yote, analia, na kila mara aligonga mulango juu ya mugonjwa, ilikuwa juu ya Mama Agathe. Nilikubali. Nilikawisha «bila» yako mupaka nikaisha akili.

Ngombe ilirudi kwao Jumanne. Baba mudogo alinishikisha kamba nitoe miye mwenyewe mu zizi.

Umefurahi? Furaha yako nasikia inafika mupaka hapa.

Daktari amesikia. Kuja uondoe matanga.

Drocella

—

Walikale, tarehe 14 mwezi wa pili 1954

Dada,

Niko muzima.

Sikujua. Ungesema. Lakini sitakudanganya: hata ungesema, ningefanya vile vile.

Siwezi kukuja sasa. Sikia juu ya nini. Tangu ile siku ya hema, Muzungu wetu alijua nasema Kiingereza. Kapita alifukuzwa juu ya kuiba mafuta, wakaniweka miye kichwa ya kikosi. Jumatatu, watu wapya walifika kutafuta kazi. Mumoja alikuwa Polycarpe. Mu Masisi hakuna misioni inamutaka. Makapita wakagawa watu. Wakauliza: huyu wa mikono laini, nani anamubeba?

Miye niliinua mukono.

Iko mu kikosi yangu. Sikumupiga, usiogope. Nilimuweka kule juu, pahali maji inatokea mu mulima, baridi inakula mifupa. Asubuhi namuambia good morning. Hana kujibu, anainama. Ngozi ya mikono ilitoka yote. Wenzangu wanamuita Bwana Jumatatu. Akiomba kupumuzika, wanaimba pamoja: «Ukuje Jumatatu!»

Nalala vizuri. Tangu Mama Agathe anikufie sikulala vile.

Agathe angoje kidogo.

Straton

—

Misioni, Masisi, tarehe 7 mwezi wa tatu 1954

Straton,

Sina salamu.

Ulisema ku kaburi: mupaka Daktari asikie. Watu wote walikuwa pale. Daktari alisikia. Sasa ile nywele ku kichwa yako ni ya nani? Si ya Mama Agathe tena. Unafuga matanga yake kama muntu anafuga imbwa ya kuuma wengine.

Miye nilitoa ndoa yangu. Nilitoa na mukono yangu, na kamba. Sikukuomba asante. Sasa unakula na ya Agathe?

Wazazi ya Séraphin wamesema: mwisho ni Pasaka. Pasaka ikipita wanaenda kwa Rosalie. Agathe hakulia. Aliniuliza tu: «Shangazi, Papa anamuchukia Polycarpe kushinda ananipenda miye?» Jibu unitumie weye.

Drocella

—

Walikale, tarehe 28 mwezi wa tatu 1954

Dada yangu Drocella,

Nakusalimia, na Agathe, na baba mudogo, na wazazi ya Séraphin. Uwaambie wapike pombe. Nakuja na kamiyo ya mbele ya Pasaka. Agathe mwenyewe atanikata nywele. Jibu yake nitamupa na kinywa.

Mambo ya ngombe sijui nitakuambia nini. Nitafika, utanitukana, nitakaa chini.

Nakueleza ile ilipita hapa.

Jiwe iliangukia Polycarpe ku muguu. Alificha. Aliogopa wimbo ya Jumatatu. Nyuma ya siku kidogo, muguu ikanuka, ikapanda nyeusi mupaka ku goti. Hapa sheria iko hivi: mugonjwa anabaki nyuma ya kamba yenye kufungwa mbele ya meza ya Muzungu. Muzungu hasikie mugonjwa, anasema wote ni wavivu. Anasikia kichwa ya kikosi tu. Mugonjwa akifungua kinywa, anakatwa chakula na anarudishwa mu maji. Basi Polycarpe na Kiingereza yake yote alishikilia kamba, akasimama na muguu moja.

Wenzangu waliniambia: «Straton, siku yako imefika. Nyamaza tu. Nani atajua?» Mumoja akasema: «Mwambie Muzungu anatoa salamu!» Wakacheka sana.

Polycarpe hakuniomba. Alisema tu: «Ni haki yako.»

Nilienda mbele ya Muzungu. Alikuwa ku meza, anakula mayai. Nikasimama. Nikanyamaza. Nilikawia kabisa, Drocella. Nilisikia nyuma yangu ile kamba inatetemeka. Nilitaka akae mule ndani, mu ile kungoja, ajue ndani yake kuko namna gani. Mama Agathe alikaa mule.

Halafu nikagonga meza. Muzungu akainua uso na kasirani. Nikasema: «He will die without seeing the doctor.» Atakufa bila kumuona daktari.

Muzungu akatazama muguu. Akaonyesha kamiyo na uma. Akarudilia mayai yake. Ikaisha.

Tulimupandisha juu ya magunia. Alikuwa analia. Wenzangu wanazani nilimuhurumia, wengine wamekasirika na miye. Sikumuhurumia. Sikumusamehe, na usinihubirie nikifika. Polycarpe anasikia Kiingereza kunishinda. Nilitaka asikie ile sentensi mupaka mwisho, na masikio yake, nyuma ya kamba, ajue vile iko fupi, ile yeye aliogopa kusema siku ya Mama Agathe.

Straton